Khanga za Mfungo Tatu

Salale, Jumanne, Mfungo Tano.

Joto. Upepo umekufa tangu asubuhi, maji yamekupwa, na matope yaliyo chini ya nyumba yamefunuka kwenye jua. Kamba walioanikwa Jumamosi wamesahaulika kwenye majamvi na sasa wananuka. Hakuna aliyekwenda kuwageuza.

Leo matanga yameanuliwa. Majirani wamekunja mikeka yao, wamebeba masufuria yao, wameondoka. Nyumba imebaki na sisi watatu: mimi, Baba mkwe wangu, na dada yake, Shangazi Kulsumu.

Sijalia.

Naliandika hili kwanza kwa sababu ndilo ambalo watu wamekuwa wakilitazama. Kwa siku tatu wanawake wamenikagua uso kama mtu anayekagua mtungi aone kama unavuja. Nimewaona wakiangaliana. Wengine wanasema nimesoma mno. Wengine wanasema ndoa yenyewe ilikuwa fupi. Nimejitafuta ndani na nimekuta pakavu, pamefagiwa, kama chumba ambacho mgeni wake ameahirisha safari.

Nitaandika kwa mpangilio, huenda mpangilio ukanisaidia.

Jumamosi nilikuwa barazani nikidarizi shingo ya kanzu ya Yusufu, mume wangu. Nimekuwa nikiidarizi tangu alipoondoka. Huishona polepole kwa makusudi, kwa sababu nilijiwekea moyoni kwamba atarudi siku nitakapofunga uzi wa mwisho. Mwaka huu nimefumua na kurudia mara mbili. Nilikuwa na imani za kijinga kama hizo, mimi niliyepata zawadi ya hesabu shuleni Dar es Salaam.

Ndipo akaja karani kutoka Utete. Maji yalimkimbia njiani, mtumbwi ukakaa kwenye matope, akalazimika kuvua viatu na soksi na kukunja suruali. Alifika dukani kwetu ameweka kifurushi kichwani na viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Shangazi Kulsumu ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu, Bwana Mkubwa," alisema. "Siku hizi serikali inatembea pekupeku?"

"Serikali imezama mpaka magotini, mama. Nipe kwanza maji ya miguu, kisha unicheke."

"Nitakucheka sasa, maji baadaye."

Nilicheka. Nataka ikae hapa kwenye daftari kwamba nilicheka, na kwa sauti.

Karani akauliza, mke wa Yusufu ni nani. Nikatia saini kwenye kitabu chake. Ndani ya kifurushi kulikuwa na barua iliyopigwa chapa, ya Kiingereza. Katika nyumba hii Kiingereza nakisoma mimi peke yangu. Baba anasoma maandishi ya kwao, ya Kigujarati, na Shangazi anasoma Kurani. Kwa hiyo kila karatasi ya serikali hunijia mimi, vibali vya kukata boriti na matangazo ya mgawo wa nguo, nami huisoma nimesimama, nikitafsiri kwa sauti, na Baba husikiliza amefumba macho.

Barua hii pia nilianza kuisoma hivyo. Nilisimama. Nilitumia sauti yangu ya vibali.

Ilisema wanasikitika. Ilisema ndege ya mabomu aliyokuwamo Yusufu, yeye akiwa mtu wa simu ya upepo, haikurudi kutoka Burma. Ndege ya pili iliiona ikiwaka na kuanguka baharini. Walikuwa watu wanane ndani na hakuna hata mmoja aliyeonekana tena. Ilisema, kama tulivyokwisha kuwaarifu. Ilisema, tunaambatanisha vitu vyake.

Nilitafsiri yote. Nilitafsiri mpaka "kama tulivyokwisha kuwaarifu". Mashine iliyopiga chapa ile ilikuwa na herufi moja iliyoziba kwa wino, kila penye *e* pana kidoa cheusi, na nakumbuka nilifikiri kwamba mtu angeisafisha kwa sindano tu. Hilo ndilo nililofikiri.

Kisha nikaitazama tarehe. Niliihesabu kwa vidole mpaka nikaifikisha kwenye miezi yetu. Iliangukia Shaabani, Alhamisi ya pili. Na sasa tuko Mfungo Tano. Kati yake imepita Ramadhani nzima na Idi zote mbili.

"Baba," nilisema, "hawa wamekosea. Wanasema walikwisha kutuarifu."

Baba alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele. Hakufumbua macho.

"Hawakukosea," alisema. "Barua ya ndugu yangu wa Bombay ilinifikia Ramadhani. Najua tangu Ramadhani."

Karani aliweka kikombe chini taratibu, akavaa viatu vyake juu ya miguu yenye matope.

Namwandika Yusufu hapa kwa sababu matangani hakuna aliyemsimulia. Walisoma khitma, wakataja ushujaa, wakataja vita. Yusufu hakuwa shujaa. Alikuwa mwoga wa maji, mtoto wa Salale anayeogopa maji. Akivuka mkondo hushika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, na ukimsemesha hajibu mpaka afike ng'ambo.

Alikuwa na masikio. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Akilala chali barazani aliweza kusema mtumbwi gani unakuja kabla haujaipinda mikoko: huyu kasia lake limepasuka, huyu amezidisha boriti, huyu ni mgeni, haujui mkondo. Alikwenda Bombay kwa baba yake mdogo kusoma kazi ya simu ya upepo, ile ya kupokea maneno kwa milio, akarudi, akanioa, tukakaa pamoja wiki kumi na moja, akarudi tena kumaliza masomo. Vita vikamkuta huko. Walipompima jeshini waliyapenda masikio yake. Aliniandikia kwamba kazi yake ni kukaa nyuma ya rubani, masikio yamefunikwa, akisikiliza milio, na kwamba angani hakuna wimbi. Ninadhani aliichagua ndege kwa ajili hiyo.

Akaangukia baharini. Naliandika na halinichomi. Nimeliandika tu.

Katika milio ile alinifundisha herufi moja, ya mwanzo wa jina langu: kugonga mara tatu, haraka. Aliigonga kwenye mwimo wa mlango kila alipoingia chumbani. Barua zake zote zilimalizika kwa nukta tatu badala ya salamu. Juzi niligonga mara tatu kwenye meza nione nitahisi nini. Nilihisi meza.

Katika vitu vyake kulikuwa na wembe, tasbihi, soksi alizozitia kiraka mwenyewe, vibaya, na barua zangu zimefungwa kwa uzi. Za juu tano hazijafunguliwa. Hizo ni zile nilizomwandikia kuanzia Ramadhani. Moja ni ya Idi. Ile siku nilikuwa na hina mbichi mkononi, nikagandamiza kidole pembeni mwa karatasi ili aione rangi. Imerudi na alama yangu ndani yake, nayo haijaonwa na mtu.

Barua hizo tano Baba alizibeba mwenyewe mpaka Kibiti kuzituma. Alizichukua mkononi mwangu, akaondoka nazo, akiwa anajua.

Jumapili alikuja Maalim wetu. Mimi nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Nilikuwa nimevua bangili, nimefuta wanja, nimetafuta nguo isiyo na rangi. Nilitaka kuingia ndani. Sikuwa na machozi, lakini miezi minne na siku kumi ni kitu ambacho mtu anaweza kukifanya bila machozi. Unakaa tu. Eda ina mlango na ina siku ya kutoka, na katikati yake huhitaji kujua unachohisi. Niliitaka sana. Sidhani nimewahi kutaka kitu namna ile.

Maalim alisikiliza, akaiulizia tarehe mara mbili, akahesabu kwa tasbihi.

"Mwanangu," alisema, "eda huanza siku mume anapokufa, si siku mke anapopata habari. Yako ilianza Shaabani. Imekwisha Mfungo Tatu, siku chache baada ya Idi. Huna eda ya kukaa. Mungu amekuondolea."

Nilimuuliza kama naweza kuikaa hata hivyo.

"Kwa hukumu ipi? Hiyo si ibada ya kurudia, kama swala iliyokupita. Imekwisha."

Imekwisha. Nilikaa eda yangu yote nikiwa na hina. Nilikaa eda nikicheza vugo kwenye harusi ya jirani. Nilikaa eda nikidarizi kanzu. Nilizaliwa Mtawanya, kwenye nyumba ya mwalimu, nimefundishwa kuandika kila kitu, na jambo kubwa kuliko yote limenipita mwilini bila mimi kuwapo.

Jana, baada ya Adhuhuri, Baba aliniita barazani. Shangazi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, akichambua mchele, mgongo ametupa.

"Uliza," Baba alisema.

Nilikuwa na maswali mengi. Lililotoka ni dogo.

"Barua zangu ulizipeleka kweli?"

"Nilizipeleka."

"Ukijua?"

"Nikijua. Ningezichana? Kwa mkono upi, mwanangu?"

Akaendelea, akitazama matope.

"Huyu Kulsumu alifiwa na mume ana miaka ishirini na miwili. Kama wewe. Tulimwingiza chumba cha nyuma, dirisha tukaliziba, joto kama hili. Nilimwona akiingia na nilimwona akitoka. Aliyetoka hakuwa yule aliyeingia. Barua ilipofika nikahesabu, nikaona ukiachwa hivyo hivyo, hujui, siku zitakwenda zenyewe. Zikiisha, ndipo nitasema. Zilipoisha nikashindwa kusema. Ndilo kosa langu. Siku za mwanzo sizijutii."

Shangazi hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea na mchele.

"Kaka," alisema, "nani kakwambia nilitoka?"

Akapuliza makapi na kuendelea kuchambua.

Kisha Baba akasema amempelekea habari baba yangu mzazi, naye atafika Jumatano na maji ya asubuhi. "Nenda naye," alisema. "Uko huru. Huna siku hata moja unayodaiwa. Nilitaka uwe huru."

Nilimshukuru. Sauti yangu ya vibali ilifanya kazi hiyo vizuri sana.

Namchukia? Nimejiuliza tangu jana. Nalitafuta neno na mahali pake hapana kitu. Nilidhani nikiwa peke yangu litakuja, na sasa niko peke yangu, kalamu mkononi, halijaja. Ninachojua ni kwamba kesho nikipanda mtumbwi wa baba yangu nitaondoka kama mtu aliyefika jana. Hakuna aliyeniingiza, hakuna wa kunitoa. Nitaolewa tena pengine, na Yusufu atakuwa mtu niliyempoteza bila kumkosa.

Asubuhi, watu walipoondoka, Shangazi alinituma nimletee mkeka wake. "Uko chumba cha nyuma, kwa kaka yangu. Katazame, bi mwalimu, macho si unayo."

Chumba kile huwa siingii. Baba alihamia huko siku nyingi. Nilisukuma mlango na sikuona kitu, palikuwa giza, na joto lilinipiga kifuani. Ikabidi nisimame mpaka macho yazoee. Dirisha limezibwa kwa gunia. Hamna kitanda, kuna jamvi sakafuni na shuka moja, ile iliyofifia. Kioo chake cha kunyolea hakipo. Chupa yake ya marashi, ambayo miaka yote ilikaa karibu na kichwa chake, haipo. Nilifikiri, chumba hiki nimekijua wapi?

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ndivyo kilivyokuwa changu," alisema. "Hata gunia kalitia palepale." Akainama, akauchukua mkeka wake mwenyewe, akaondoka nao.

Nilirudi chumbani nikafungua daftari hili, nikaanza kurudi nyuma kurasa. Nayanakili hapa kama nilivyoyaandika, bila kurekebisha.

Shaabani, Alhamisi ya pili: *Leo nimeshindwa kuikumbuka sauti ya Y. Nimemkasirikia, kana kwamba kosa ni lake. Kamba wakubwa.* Hiyo ndiyo siku aliyokufa. Sina zaidi.

Ramadhani, kumi la mwisho: *Baba amehamia chumba cha nyuma. Anasema mbele kuna mbu. Shangazi kasema, mbu gani wa Salale asiyejua njia ya nyuma? Tumecheka mpaka futari ikaungua.*

Idi: *Baba hakuvaa kanzu mpya wala hakujipaka marashi. Shangazi kamwambia, kaka, Idi hii unanuka duka. Amezeeka ghafla. Hina yangu imeshika vizuri.*

Mfungo Pili: *Harusi ya jirani. Baba kakataa kwenda, kasema mgongo. Ni mara ya tatu mgongo.*

Mfungo Tatu, baada ya Idi: *Ajabu. Baba kanipa doti ya khanga mpya, na nguo ilivyo shida siku hizi, sijui kaitoa wapi. Nyekundu na njano. Si sikukuu wala nini. Kaniwekea magotini, kasema, "Oga, mwanangu, uvae. Vaa leo." Nimemwambia nitaweka mpaka Y. arudi. Kasema hapana, leo. Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani ni moshi. Nimeoga nimevaa. Kaniambia nitoke nje kidogo, penye jua. Kanitazama, kaingia ndani.*

Nilisoma ukurasa huo mara nne.

Anayemaliza eda huogeshwa, huvishwa nguo mpya, hutolewa nje kwenye jua. Kila mwanamke wa pwani hii anajua. Mimi nilitolewa. Nilisimama pale uani, nyekundu na njano, nikipunga nzi kwa pembe ya khanga, nikijiuliza wazee huwa wanawaza nini.

Na kama nilitolewa, kuna aliyekuwa ndani.

Mwanamume hakai eda. Nikimuuliza Maalim atacheka, au atakasirika. Haina hukumu, haihesabiki, haifai kitu kwa Mungu wala kwa sheria. Mzee wa Kihindi muuza boriti alijifungia katika joto lile, bila kioo, bila marashi, akitoka kufungua duka na kurudi, akibeba barua za mkwewe kuzipeleka kwa maiti, na hakuna aliyempelekea hata maji kwa sababu hakuna aliyejua yumo. Zilipotimia siku akanitoa mimi. Yeye hakutoka. Hayupo wa kumtoa. Ameendelea kukaa humo Mfungo Nne mzima na sehemu ya huu.

Sijalia bado. Nilisimama kidogo dirishani nikangoja, lakini hapana.

Sijui kama nimemsamehe. Alinichukulia kitu changu, na kule kukibeba mwenyewe hakukirudishi kwangu. Nadhani nitalisema hilo siku moja mbele yake, na nitalisema kwa sauti yangu halisi, nikiipata. Lakini hilo ni jambo moja, na mtu kuachwa ndani ni jambo jingine.

Baada ya Alasiri nimeifunga shingo ya kanzu. Uzi wa mwisho nimeukata kwa meno. Baba ni mfupi kuliko Yusufu na amejaa mabega. Itambana juu na itaburuta chini. Haidhuru. Shangazi amepita, ameitazama mapajani mwangu, amesimama.

"Ya nani hiyo sasa?"

"Ya Baba. Asubuhi nitahitaji maji ya kuoga, Shangazi. Mengi."

Ameishika shingo ya kanzu, ameigeuza upande wa ndani.

"Nitachota mimi," amesema. "Kumtoa mtu najua. Nimengoja miaka kumi na tisa nione kunavyofanywa."

Baba yangu mzazi akifika nitamwambia angoje maji mengine. Sijui kama nitakwenda naye kwa maji hayo au sitakwenda. Hilo litajijua baada.

Asubuhi, kabla maji hayajajaa, nitasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma na kanzu mkononi. Nitagonga mara moja tu. Mara tatu ni za mtu mwingine.

Kisha nitaingia nilitoe lile gunia dirishani.